"Ni Mzaha Tu": Jibu kwa Kijana Mchekeshaji wa Lamu

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Maalim. Mimi ni kijana wa hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ni uchekeshaji. Naitwa kwenye maharusi na matamasha, na vichekesho vingine narekodi kwa simu nikaviweka mtandaoni. Kwa kazi hiyo namlisha mama yangu na wadogo zangu. Miezi michache iliyopita nilimwigiza hamali mmoja wa gatini mwenye kigugumizi, jinsi anavyohesabu magunia akakwama kwenye "saba". Video ilienea sana. Sasa watoto wakimwona wanamwita "Sasasa", na yeye ameacha kuadhini msikitini kwao. Mama hasemi nami vizuri tangu hapo. Wenzangu wananiambia ni mzaha tu, kwamba hata Mtume (s.a.w.) akitania, kwamba utani ni jadi yetu, na kwamba hamali mwenyewe siku ya kwanza alicheka. Ustadhi mmoja naye kaniambia kazi yote hii ni haramu, na kwa kuwa niliwahi kumwigiza maalim wa chuoni, nimeshatoka kwenye dini. Mwezi ujao nimeitwa harusi ya Shela, na wenye harusi wanaitaka hiyo hiyo ya hamali. Maalim, mpaka uko wapi? Na riziki yangu ni halali?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Swali lako limenikaa moyoni kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwa kupita, kwamba ameacha kuadhini. Nimeitazama video yenyewe hadi mwisho. Umejifunga kikoi, gunia liko begani, unahesabu vizuri hadi sita, kisha unakwama, shingo imekutoka mishipa, na watoto nyuma yako wanakumalizia hesabu kwa kelele. Umemwigiza sawasawa, hilo sikatai. Lakini wenye kigugumizi wengi ulimi huwafunguka wanapovuta sauti, na wanaomjua mtu huyu wanasema akiadhini hakwami hata herufi moja. Mchana kutwa watu humsubiri amalize neno, na wengine hawana subira hiyo. Kwenye adhana mtaa mzima ulikuwa ukimsikia akisema kwa ufasaha. Wewe hukukusudia kumwondoa hapo, naamini. Ila ameondoka.

Nitarudi kwake. Kwanza nikuondolee mzigo ambao si wako: hujatoka kwenye dini. Aliyekuambia hivyo amechukua aya za Surat at-Tawba (9:65-66) akaziweka pasipo pake. Aya hizo ziliteremka katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, juu ya watu waliokaa kitako wakawakejeli wasomaji wa Qur'ani miongoni mwa masahaba, kuwa ni walafi, waongo na waoga. Walipoulizwa wakajitetea kwamba walikuwa wakipiga porojo na kucheza tu. Wakajibiwa: Je, mlikuwa mkimfanyia maskhara Mwenyezi Mungu na aya zake na Mtume wake? Wanazuoni wamepambanua. Anayeifanyia istihzai dini yenyewe, Qur'ani, Sala, Mtume, jambo lake ni zito mno na neno "nilikuwa nacheza" halimwokoi. Anayemcheka mtu wa dini kwa kikohozi chake au kwa namna anavyosinzia, huyo amemkosea mtu. Wewe ulimwigiza maalim aliyelala usingizi bakora ikiwa mkononi. Hukuigiza aya. Ni utovu wa adabu kwa aliyekufundisha herufi, na utamwendea umtake radhi, lakini ukafiri haupo hapo. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim kwamba mtu akimwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Ustadhi aliyekuambia hayo naye ajihofie.

Basi mpaka wa kwanza ni huo, na hauna maelezo mengi. Vitukufu vya dini haviingii jukwaani. Siku hizi kuna wanaochukua sauti ya tajwidi wakaipachikia maneno ya sokoni ili watu wacheke, na wengine huigiza talqini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini. Hilo usilikaribie, hata ukilipwa.

Sasa nije kwa wenzako, maana hao ndio wanaokuponza.

Mzaha tu, wanasema, kana kwamba kusudio jema linafuta maumivu. Imam Abu Daud amepokea kwamba masahaba walikuwa safarini na Mtume, mmoja wao akalala, mwenziwe akaenda akachukua kamba aliyokuwa nayo, akaamka ameshtuka. Katika riwaya ya Imam Ahmad wenziwe walicheka. Mtume akasema: "Si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenziwe." Itazame kesi hii vizuri. Kusudio lilikuwa mchezo. Waliokuwepo waliburudika. Hakuna aliyepigwa wala aliyeibiwa. Na hukumu ikamwangalia yule mmoja aliyeshtuka, haikuwaangalia waliocheka. Hapo ndipo mpaka wa pili ulipo, na ndio jibu la swali lako: mzaha unapimwa kwa yule unayemwangukia. Wachekaji hawana kura katika jambo hili, wawe watano barazani au laki moja mtandaoni.

Ama hilo la kwamba Mtume akitania, ni kweli, na sihitaji kukuthibitishia kuwa kicheko ni halali, unalijua hilo tangu chuoni. Wenzako wanapenda sana kisa cha Zahir, yule bedui ambaye hakuwa na sura nzuri. Mtume alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma asimwone, akawa anasema: "Nani atanunua mtumwa huyu?" Wanaishia hapo, kisha wanasema, unaona, alimtania mtu kwa umbo lake! Kwanza hakumtania kwa umbo lake. Pili, wamekata hadithi katikati. Zahir alipomtambua aliyemkumbatia, akaushikiza mgongo wake kifuani kwa Mtume, akasema: "Basi utaniona sina soko, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Zahir ndiye aliyejidunisha. Na jibu alilopewa ni: "Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu wewe una thamani kubwa." Mtu yule aliondoka pale sokoni ameinuliwa, watu wote wanasikia. Nionyeshe katika video yako ni dakika gani hamali yule aliinuliwa.

Na masahaba walipomcheka mwenzao Ibn Masud kwa wembamba wa miguu yake, pale upepo ulipomfunua, Mtume hakucheka nao. Aliwauliza wanacheka nini, kisha akaapa kwamba miguu ile miwili ni mizito zaidi kwenye mizani kuliko mlima Uhud. Mama yetu Aisha (r.a.) aliposema neno moja juu ya Safiyya, mke mwenziwe, kuashiria ufupi wake, aliambiwa: "Umesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua." Neno moja, tena chumbani, kati ya mke na mume. Wewe neno lako limezunguka pwani nzima, kutoka Kiunga hadi Vanga.

Katika maneno yote ya wenzako, hili la utani wa jadi ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu wanaisingizia mila yetu isichokuwa nacho. Mimi nimelelewa katika utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu humjibu babu kwamba hamtaki, hana meno. Mabinamu hutaniana, mashemeji hutaniana, mitaa ya Mkomani na Langoni imetaniana tangu wazee wetu hawajazaliwa. Lakini utani wetu una pande mbili. Anayetania anajua atarudishiwa, pengine kwa ukali zaidi, na hakasiriki. Hata ule wa mashairi ulikuwa hivyo. Malenga Muyaka wa Mombasa alipowatungia Waamu, watu wa Lamu, beti za kuwasuta, zama za Vita vya Shela kati ya Mombasa na Lamu, Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi wa kumjibu kwa beti. Malenga kwa malenga. Je, hamali wa gatini atakujibu kwa kitu gani? Silaha ya utani ni ulimi, na wewe umemchagua mtu ambaye ulimi ndio mtihani wake. Umempiga mahali ambapo hawezi kurudisha, kisha mnamwambia huo ni utani. Mababu zetu wangekuona umevunja sheria ya utani kabla hujavunja ya dini.

Unajua ni nani katika Qur'ani aliyemkejeli mtu kwa usemi wake? Ni Firauni. Nabii Musa (a.s.) aliomba: "Na ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu, wapate kufahamu maneno yangu" (20:27-28). Firauni akasimama mbele ya watu wake na kuwauliza kama yeye si bora kuliko huyu mnyonge ambaye hawezi hata kusema waziwazi (43:52). Wafasiri wengi wameyaunganisha maneno haya na lile fundo la ulimi wa Musa. Sikufananishi wewe na Firauni, mwanangu, Mungu apishe mbali. Nataka tu ujue kwamba mzaha huu wa kucheka ulimi wa mtu ni mkongwe, na ujue ulitokea kinywani mwa nani na ulielekezwa kwa nani.

"Lakini mwenyewe alicheka." Imam al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya alipoeleza maafa ya ulimi, amesema kejeli inaharamika kwa yule anayeudhika nayo, ama mtu aliyejifanya mwenyewe kichekesho na akafurahia, huo ni mzaha wa kawaida. Basi utamjuaje aliyeudhika? Si kwa meno yake. Mtu maskini anayetegemea kuitwa kubeba mzigo, amezungukwa na watu gatini, simu zote zimemwelekea, wote wanacheka. Asipocheka ataambiwa ana kiburi, ataambiwa hana moyo wa utani, na kesho ataitwa mwingine kubeba. Kile kicheko alikitoa ajifiche nyuma yake. Ukitaka jibu lake la kweli, litazame alilolifanya baadaye, aliposimama mu'adhini mwingine mahali pake.

Na kuhusu lile jina walilompachika watoto, Qur'ani imelitaja waziwazi katika Surat al-Hujurat (49:11). Wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, huenda wakawa bora kuliko wao, wala wanawake wanawake wenzao, wala msiitane kwa majina ya kejeli. Wazee wetu nao walisema hujafa hujaumbika. Kigugumizi chaweza kumshika mtu mzima aliyepooza ghafla, na ulimi huo unaokulisha hujauandikia hati ya umiliki.

Sasa zamu ya ustadhi, aliyesema kazi yote ni haramu. Najua anapotegemea. Al-Ghazali huyo huyo amesema ni kosa kubwa mtu kuufanya mzaha kuwa kazi ya kudumu, akapindukia, kisha akajitetea kwa kitendo cha Mtume. Maneno haya ni ya kuyaheshimu, na wewe uyasome kwa hofu, kwa sababu yanamhusu kila anayelipwa kwa kicheko: akiishiwa na cha kuchekesha, atachokoa aibu za watu. Lakini Ghazali amekemea kupindukia na kujificha nyuma ya Sunna. Siyaoni kuwa ni hukumu ya kuharamisha ujira wa kila anayewafurahisha watu harusini kwa maneno safi. Katika zama za Mtume palikuwa na mtu aliyeitwa Abdullah, akijulikana kwa lakabu, na alikuwa akimchekesha Mtume. Amemtaja Bukhari kutoka kwa Umar (r.a.). Mtu huyo alipewa adhabu kwa ulevi, zaidi ya mara moja, na mmoja katika waliokuwepo akamlaani. Mtume akakataza: "Msimlaani, kwani Wallahi nijuavyo ni kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake." Ustadhi wako angekuwepo siku ile, sijui angesimama upande gani.

Ipo pia hadithi: "Ole wake anayezungumza akasema uongo ili awachekeshe watu, ole wake, ole wake." Pengine umeogopeshwa kwayo. Kisa cha kubuni ambacho kila msikilizaji anajua ni cha kubuni, wanazuoni wengi wa zama hizi hawakukitia humo. Ama kumzulia mtu aliye hai jambo ambalo hakulifanya, au kumdanganya mtu njiani kwamba nyumba yake inaungua huku unamrekodi, huo ndio uongo uliokemewa, na umeongezea kumtisha.

Hukuuliza, lakini naona katika video zako nyingine unawaigiza Waaweer, na unawaita Waboni, jina ambalo wengi wao hawalipendi, kama watu wasiojua sabuni. Wao ni majirani zetu, na wengi ni Waislamu wenzetu. Acha. Na hata wasingekuwa Waislamu ningekuambia acha. Nimesikia wanaodai kwamba aliyekatazwa kudharauliwa ni muumini peke yake. Basi wasome Qur'ani 6:108, ambapo tumekatazwa kuyatukana hata masanamu ya washirikina, kwa kuhofia watakachorudisha. Msiba kama ule wa mji wa Mpeketoni wa Juni 2014, waliouawa watu zaidi ya 60, wengi wao si wa dini yetu, hauwi kichekesho midomoni mwetu kamwe. Nchi hii imeona mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, dhihaka za makabila zinaishia wapi, na ndipo ikatungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, mwaka ule ule. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Vya kuchekesha havijakwisha kwa hayo. Jicheke wewe mwenyewe, kwani watu wa kwetu wanampenda anayejicheka. Mcheke punda aliyeziba kichochoro na bibi harusi anasubiriwa, mashua iliyokwama maji yakiwa yamekupwa huku nahodha anaapa kwamba anaijua njia, bwana harusi aliyesahau maneno ya kuozwa. Kiongozi aliyeahidi gati na asilijenge, sema alichoahidi na alichokifanya, kwa ukweli, wala usiguse tumbo lake wala mkewe. Na harusini usitoe siri za chumbani za watu. Hilo limezoeleka, na ni ovu.

Sasa kazi yako. Haki ya Mwenyezi Mungu utaitubia usiku wa leo ukiwa peke yako. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari. Amesema Mtume (s.a.w.), naye Bukhari amepokea, kwamba aliyemdhulumu nduguye heshima yake au kitu chochote amtake ahalalishiwe leo, kabla ya siku ambayo haitakuwa na dinari wala dirhamu. Nenda kwa hamali. Usiende gatini mchana. Nenda baada ya Isha, nyumbani, ufuatane na mzee anayeheshimika mtaani mwake. Simu iache kwenu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona siku hizi watu wanarekodi hata radhi wanazoomba, wakapata watazamaji mara ya pili kwa mtu yule yule. Usimwambie "kama nilikuudhi". Mwambie ulilolifanya. Akitaka kukujibu, msubiri amalize neno lake mwenyewe, wala usimmalizie. Na akikataa kukusamehe siku hiyo, ni haki yake, rudi tena baada ya muda.

Video iondoe leo, kabla hujaenda. Zilizosambaa huzikamati zote, lakini waandikie unaowajua waliozirusha, mmoja mmoja. Wale watoto ni wafuasi wako, hawanisikilizi mimi wanavyokusikiliza wewe. Kaa nao barazani uwaambie waziwazi kwamba ulikosea na kwamba jina lile likome. Uliwafundisha hadharani, wafundue hadharani, bila kumtaja mtu wala kumwigiza tena. Kisha uzungumze na imamu wa msikiti ule, yeye mwenyewe amwite hamali kwa upole arudi kwenye adhana, isionekane imetoka kwako.

Ujira wako wa maharusi ambao hukumdhalilisha mtu ni halali, mlishe mama kwa moyo mkunjufu. Pesa iliyotokana na video ile itoe sadaka. Usimpelekee hamali siku ya kumtaka radhi, asije akadhani unamnunua. Ukipata njia ya kumnufaisha baadaye, iwe kwa heshima, kama kumwamini kwa kazi na kumlipa sawa. Mama hatakununia akishajua umekwenda kwa hamali. Mwambie tu umekwenda, usijipambe.

Ama harusi ya Shela, wapigie wenyewe mapema, wala usingoje siku ifike. Waambie cha hamali hakipo tena, na kwamba una kingine. Wakikubali, nenda ukawafurahishe. Wakisema basi hawakutaki, warudishie arbuni yao yote, hata kama umeshaitumia na itabidi ukope. Na ukikosa pa kukopa, mwagize mdogo wako aje kwangu.

Wallahu aalam.